Kuhama kutoka komyuniti koleji kwenda chuo kikuu huku Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya, maswali ni yale yale kila Agosti na kila Januari kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya na Wakongo wa huku, na majibu mengi ni ya "mimi nilifanya hivi", mtu wa Texas anamshauri mtu wa Minnesota wakati taratibu za majimbo haziko sawa hata kidogo. Kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Sio lazima uanze juu, ruka uende kwenye linalokuhusu, ila kama una dakika tano tu basi soma lile la krediti (pointi za kozi unazokusanya kuelekea digrii) maana hapo ndipo hela za watu zinapopotelea.

Komyuniti koleji ni nini hasa? Nyumbani wananiuliza kama ni VETA

Sio VETA, japo ndani yake utakuta kozi za umeme, za kuchomelea na za magari, kwa hiyo aliyeuliza hajakosea sana. Ni chuo cha umma, mara nyingi cha kaunti au cha mji, kinafundisha miaka miwili ya mwanzo ya digrii na hakichagui sana watu, ukiwa umemaliza sekondari unaingia. Kile cha Joliet kule Illinois ndicho cha umma kikongwe zaidi, kilianza 1901, na tangu mwanzo wazo lilikuwa watu wasome miaka miwili karibu na kwao halafu wakamalizie chuo kikuu. Yaani kuhama ndio kazi yake, wala sio kwamba unapita mlango wa nyuma. Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuwa kamanda wa chombo cha anga cha NASA, mwaka 1999, alianzia Corning Community College jimboni New York. Tom Hanks naye alipita Chabot College, Hayward, California.

Watu wanaanzia huku kwa sababu ya bei. Mwaka wa masomo 2024-25 wastani wa ada ya komyuniti koleji kwa mkazi wa eneo ulikuwa kama dola 4,050, chuo kikuu cha serikali kwa mkazi wa jimbo kama dola 11,610, na kwa asiye mkazi inapita 30,000, hizo ni hesabu za College Board (shirika la vyuo na mitihani ya kuingia vyuo) na ni ada tu, kodi ya nyumba na chakula bado. California komyuniti koleji ni dola 46 kwa uniti moja (yaani krediti) kwa mkazi.

Na kidokezo kimoja cha kifamilia: ukipiga simu nyumbani usiseme "nahama chuo". Mama atasikia "nimefukuzwa" na kesho yake shangazi wote wameshajua. Sema umemaliza awamu ya kwanza, unaingia mwaka wa tatu chuo kikuu, ambayo ndiyo kweli yenyewe. Na cheti cha digrii kitaandikwa jina la chuo kikuu tu.

Kwa kifupi mfumo unakwendaje?

Digrii ya kwanza ni kama krediti 120 za semista. Unakusanya hadi 60 hivi koleji, unahama, unamalizia 60 chuo kikuu. Vyuo vikuu vingi vina kikomo cha krediti vinazopokea kutoka chuo cha miaka miwili, mara nyingi kati ya 60 na 70, na vingi vinataka angalau krediti 30 za mwisho usomee kwao. Kwahiyo wale mnaojazia krediti 90 koleji ili "kuokoa hela" hamuokoi kitu, zile za ziada zinaweza zisihesabike kabisa.

Vyuo vingine vinatumia mihula mitatu mifupi kwa mwaka badala ya semista mbili, Washington wengi wako hivyo. Huko hesabu inabadilika, krediti moja ya semista ni sawa na 1.5 za muhula mfupi, ndo maana utasikia mtu anasema ana krediti 90 na bado ni wa mwaka wa pili. Hajadanganya.

Adivaiza (mshauri wa masomo) kaniambia krediti zangu zote "zinakubalika". Mbona watu wanalia wamepoteza?

Hapa sasa tulia usome taratibu.

Kuna krediti kukubaliwa na kuna krediti kuhesabika kwenye digrii yako, na ni mambo mawili tofauti. Chuo kikuu kinaweza kupokea krediti zako zote 60, zikaonekana kwenye potali vizuri kabisa, halafu ukienda idara ya uinjinia wanakuambia kati ya hizo ni 30 tu zinazokata kitu kwenye meja yako (fani unayochukulia digrii), zilizobaki zimekaa kama kozi za hiari. Ni kama kwenda Kariakoo na shilingi ya Uganda, ni hela halali kabisa ila hapo hainunui nyanya. Unakuwa na krediti 60 na bado una miaka mitatu mbele yako badala ya miwili, na huo mwaka wa ziada unaulipa kwa bei ya chuo kikuu, sio ile ya koleji.

Ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu, GAO, ilitoa ripoti 2017 ikikadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009, vyuo vya aina zote, walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Karibu nusu jamani. Na wengi hawakuwa wajinga wala wavivu, walichagua kozi kwa kufuata ratiba ya kazi, au rafiki alikuwa darasa hilo, au adivaiza aliyekuwa na watu 40 mlangoni aliwapa karatasi ya jumla.

Kwa hiyo anza mwisho urudi mwanzo. Kwanza chagua meja, hata kama ni mbili unazosita kati yake. Pili chagua vyuo vikuu viwili au vitatu unavyovitaka. Tatu fungua mpango wa kozi wa miaka minne wa hiyo meja kwenye tovuti ya chuo kikuu chenyewe, tazama miaka miwili ya mwanzo wanasoma nini, ndipo urudi koleji kutafuta kozi zinazolingana. Ukimkuta adivaiza muulize hivi: "Kozi hii itaingia kama nini kwenye digrii ya uhasibu pale chuo kikuu fulani?" Ukiuliza tu "inatransfa?" atakujibu ndiyo, na atakuwa hajakudanganya. Akijibu kwa mdomo mwambie akutumie kwa barua pepe. Usione aibu, huku kuandikishana ni kawaida na hakuna atakayekuona mjeuri.

Nitajuaje kozi ipi inalingana na ipi?

Inategemea jimbo, na ndio maana ushauri wa binamu yako wa jimbo lingine uupokee kwa heshima halafu uuweke pembeni.

California wana tovuti rasmi ya ASSIST, unaingiza koleji yako, chuo kikuu unachotaka na meja, inakuletea kozi kwa kozi. Hiyo ndiyo bora kabisa niliyoiona. Pia kampasi sita za University of California (Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz) zina mpango wa TAG, ukitimiza masharti yao unahakikishiwa nafasi, fomu inapelekwa mwezi Septemba. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo, msije mkasema hamkuambiwa. Upande wa California State University kuna digrii maalum ya kuhamia iliyoletwa na sheria ya 2010, ukiimaliza unahakikishiwa nafasi kwenye mfumo wao, ingawa sio lazima iwe kampasi uliyoiota.

Texas wana namba za kozi za pamoja. MATH 2413 ni kalkulasi ya kwanza kwenye koleji zote za umma, na ukizijua hizo namba hata zenyewe zinaongea: tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni krediti. Kuna kozi za msingi krediti 42, ukizimaliza zote koleji basi chuo kikuu chochote cha umma Texas kinalazimika kuzipokea kama kifurushi kimoja. Ukiziacha nusu, kila moja inapimwa peke yake.

Minnesota kuna kifurushi cha krediti 40 kinachoitwa Minnesota Transfer Curriculum. Washington kuna DTA, digrii ya koleji ya kuhamia, ukiimaliza vyuo vikuu vya umma vinakuhesabia kozi zako za jumla zimeisha. Florida ukiwa na AA (digrii ndogo ya miaka miwili) ya chuo cha umma unahakikishiwa nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu 12 vya jimbo, soma vizuri, mojawapo, sio kile unachokitaka wala meja unayoitaka. Massachusetts tafuta MassTransfer. Ukiwa jimbo lingine andika gugo jina la jimbo lako na maneno "transfer agreement" halafu fungua tovuti ya serikali au ya chuo, sio blogu ya mtu.

AA, AS, AAS, ni herufi tu au kuna tofauti?

Tofauti kubwa. Zote ni associate, yaani digrii ndogo ya miaka miwili ya koleji. AA na AS zimetengenezwa kwa ajili ya kuhama. AAS, yaani ile yenye neno "applied", imetengenezwa uingie kazini moja kwa moja, na kozi zake nyingi chuo kikuu hakizihesabu. Sio kwamba ni mbaya, fundi wa X-ray mwenye AAS anaweza kulipwa vizuri kuliko mwenye digrii ya sosholojia, ila usiisome ukiwa unaota kuhama halafu ushangae. Wanaoingia mtego huu sana ni watu wa kompyuta na watu wa "engineering technology", jina linafanana na uinjinia ila kozi za hesabu ni nyingine.

Vipo vyuo vikuu vichache vyenye digrii za kupokea watu wa AAS. Uliza kabla.

Mimi nataka unesi. Nihame au nimalizie hapa hapa?

Swali la taifa hili. Nusu ya waswahili niliokutana nao huku wameanza na CNA (msaidizi wa nesi), na sio jambo baya.

Kuna njia mbili. Ya kwanza unasoma unesi koleji, ile ADN ya miaka miwili (ukijumlisha kozi za sayansi za kuingilia ni kama mitatu), unafanya mtihani wa NCLEX-RN unakuwa RN (nesi aliyesajiliwa), unaanza kazi, halafu unajiunga na mpango wa RN kwenda BSN (digrii kamili ya unesi) ambao mara nyingi ni onlaini na waajiri wengine wanachangia ada. Mtihani wa NCLEX-RN ni ule ule kwa mwenye ADN na mwenye BSN, leseni ni ile ile. Njia ya pili unasoma zile kozi za awali koleji, anatomia, fiziolojia, maikrobaiolojia, kemia, takwimu, saikolojia, halafu unahama kuingia BSN moja kwa moja chuo kikuu.

Kwa mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba mimi ningemwambia ya kwanza bila kufikiria mara mbili. Unakuwa na mshahara wa RN wakati mwenzako bado anasubiri barua. Njia ya pili inamfaa kijana asiye na majukumu, mwenye maksi kali sana, kwa sababu kukubaliwa chuo kikuu sio kukubaliwa unesi, idara ya unesi ina maombi yake ya pembeni na ushindani wake mwenyewe. Kuna mtu anahama kabisa, analipa semista, halafu unesi wanamkataa.

Na angalizo: kozi za sayansi zina umri. Programu nyingi zinataka uwe umezisoma ndani ya miaka mitano au saba iliyopita. Dada aliyesoma anatomia, akaacha kulea, akarudi baada ya miaka minane, anaweza kuambiwa arudie yote.

Nimalize associate kwanza au nihame nikiwa na krediti za kutosha?

Kama jimbo lako linatoa faida kwa aliyemaliza, Florida na Washington na zile digrii za kuhamia za California kwa mfano, maliza. Pia maliza kama hali yako ya maisha haitabiriki, maana ukikwama njiani angalau una cheti mkononi.

Ila uinjinia, fizikia, kemia, sayansi ya kompyuta, huko kilicho muhimu ni mfululizo wa hesabu na sayansi. Mtu anaweza kuwa na associate nzuri kabisa yenye historia, sanaa na saikolojia, afike chuo kikuu hana kalkulasi ya pili, basi anaanza kama wa mwaka wa kwanza. Watu hawa wanatakiwa waanze hesabu siku ya kwanza na kozi za jumla wazisogeze mbele.

GPA inatakiwa ngapi? Na je inahama na mimi?

GPA ni wastani wa maksi zako, kwa kawaida juu kabisa ni 4.0. University of California kiwango cha chini ni 2.4 kwa mkazi na 2.8 kwa asiye mkazi, lakini hicho ni cha kuruhusiwa kuomba tu, kwenye meja zinazogombaniwa, wanaochukuliwa wako juu zaidi sana. Vyuo vikuu vingi vya majimbo 2.0 au 2.5 inatosha kuingia na meja kama biashara au kompyuta ina kiwango chake.

Krediti zinahama, GPA kwa kawaida haihami, chuo kikuu unaanza ukurasa mweupe. Hii ni habari njema kwa aliyevuruga na ni mbaya kwa mwenye 4.0 aliyefikiri ataendelea kuiegemea. Usisahau kwamba shule za udaktari na masters wataomba transkripti (orodha rasmi za kozi na maksi) za kote ulikopita. D mara nyingi haipokelewi. C ndiyo mwanzo wa usalama, na C- inategemea chuo.

Na mtu asifiche koleji ya zamani aliyofeli. Aplikesheni inataka vyuo vyote, na wana njia za kuangalia. Ukigundulika wanaweza kukunyang'anya nafasi hata ukiwa umeshaanza.

Niko na viza ya F-1 (ya mwanafunzi). Nafanyaje?

Nyie mna hatua zenu na mkikosea hapa sio krediti inayopotea, ni hali yako ya kuwepo nchini. Yale ya kukubaliwa ni sawa na wengine, tofauti inakuja baada ya barua.

Ukishakubaliwa unampelekea barua afisa wa wanafunzi wa kigeni wa koleji yako, yule DSO, mnakubaliana tarehe ya kuachilia rekodi yako ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni). Ikishaachiliwa chuo kipya ndicho kinakutolea I-20 mpya (fomu inayoonyesha wewe ni mwanafunzi wao). Kuanzia siku hiyo kazi ya kampasi ya koleji ya zamani imekwisha, huwezi kuendelea kufanya kazi pale, watu wengi hawalijui hili. Masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano tangu uache ya zamani, na ukifika ujiandikishe ndani ya siku 15 za tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20. Ukimaliza associate una siku 60 tu za kuamua, uhame, uombe OPT (ruhusa ya muda ya kufanya kazi ya fani yako) au uondoke, usikae ukijifikiria hadi siku ya 58.

Ada ya SEVIS ile ya dola 350 hulipi tena kama umehama ukiwa kwenye hali halali. Lakini benki stetimenti ya mdhamini wanaitaka upya, na sasa ni kwa bei ya chuo kikuu ambayo kwa mgeni ni ya asiye mkazi, kwa hiyo mjomba aliyedhamini koleji mpigie mapema asije akasikia namba mpya Julai. Muda wote krediti 12 kwa semista, na kati ya hizo ni kozi moja tu ya onlaini inayohesabika. Kibarua cha nje ya kampasi bila ruhusa usiguse, hata kama rafiki yako anafanya na hajakamatwa.

Viza yenyewe ikiwa imeisha muda sio tatizo ukiwa ndani ya nchi, tatizo ni ukitoka. Kabla ya kukata tiketi ya krismasi kwenda nyumbani ongea na DSO, sheria za viza zimekuwa zikibadilika sana.

FAFSA na Pell zinanifuata?

FAFSA ni fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, Pell ni ruzuku yake isiyorudishwa. Zinakufuata ila hazihami zenyewe. Unaingia kwenye FAFSA unaongeza kodi ya chuo kipya (yaani code, namba ya utambulisho ya shule, sio kodi ya nyumba, msicheke). Pell kwa mwaka 2025-26 kiwango cha juu ni dola 7,395 na huwezi kuichukua vyuo viwili kwa wakati mmoja. Ina kikomo cha maisha, sawa na semista 12 za muda wote. Sasa fanya hesabu, aliyekaa koleji semista nane kwa kubadilisha badilisha meja anafika chuo kikuu amebakiza nne, na digrii bado ni ndefu. Hawa ndio wanaoishia kwenye mikopo.

Raia, wenye grini kadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaweza kuomba. F-1 hapana. DACA (wenye kinga ya muda kwa walioletwa utotoni bila vibali) hapana kwa za serikali kuu, ila majimbo kadhaa kama California yana msaada wao wenyewe. Kabla ya kujaza angalia studentaid.gov masharti ya mwaka huo.

Skolashipu za waliohama zipo na watu hawaombi. Phi Theta Kappa ni chama cha wanafunzi wa koleji wenye maksi nzuri, matawi mengi wanaanzia GPA 3.5, na vyuo vikuu kibao vina skolashipu za wanachama wake tu, zile barua za mwaliko mnazozifuta mkidhani ni utapeli mara nyingi ndio hizo. Mfuko wa Jack Kent Cooke wanatoa hadi dola 55,000 kwa mwaka, ushindani ni wa kufa mtu ila kuomba ni bure.

Nikihamia chuo kikuu cha jimbo lingine?

Utalipa kama asiye mkazi. Majimbo mengi yanataka uwe umeishi kule miezi 12, na sio kuishi kwa ajili ya shule tu, wanaangalia leseni, kodi, kazi. Mtu anatoka Ohio kwenda Texas kwa sababu ndugu zake wako Dallas, anakuta bili mara mbili na nusu. Kama ni lazima uhame jimbo basi hama kwanza, fanya kazi mwaka mzima, ndipo uanze. Au anza komyuniti koleji ya kule kule.

Vyeti vyangu vya nyumbani vina faida yoyote? Na zile kozi za ESL (Kiingereza kwa wageni)?

Kama una krediti 30 na zaidi za koleji, vyuo vikuu vingi havihangaiki sana na maksi zako za KCSE au za kidato cha nne, wanataka tu kujua ulimaliza. Mwenye kidato cha sita asikae kimya, baadhi ya vyuo vinatoa krediti kwa masomo ya ngazi hiyo, na mwenye semista kadhaa za UDSM, Makerere, Nairobi au Lubumbashi vilevile. Utahitaji tathmini ya WES (shirika la kulinganisha vyeti vya nje na vya huku) au shirika lingine lililo ndani ya NACES, umoja wa mashirika hayo, kozi kwa kozi, sio ile fupi ya bei rahisi. Anza mapema mno, maana transkripti kutoka nyumbani inabidi itoke chuoni moja kwa moja na wote tunajua mzunguko wa kwenye ofisi ya msajili. Uwe na ndugu wa kwenda kukaa pale kwenye benchi.

ESL kwa kawaida hazihesabiki kwenye digrii, au zinaingia kama za hiari. Kwa hiyo ukiona Kiingereza chako kinatosha omba mtihani wa kupangwa upya, usikubali kuwekwa ESL semista tatu kwa sababu tu jina lako linatamkika kigeni. Ukimaliza kozi za uandishi wa Kiingereza za ngazi ya chuo na maksi nzuri, vyuo vikuu vingi havitakuomba mtihani wa Kiingereza wa TOEFL.

Halafu ile ya lugha ya kigeni! Digrii nyingi zinataka semista mbili hadi nne za lugha nyingine. Kiswahili ni lugha nyingine. Peleka cheti chenye Kiswahili, au uliza kuhusu mtihani wa lugha wa ACTFL, upo wa Kiswahili. Inasikitisha kuona mtu wa Tanga analipia Kihispania cha kwanza na cha pili ili atimize sharti ambalo amezaliwa nalo.

Maombi yanaanza lini?

Mapema kuliko unavyodhani. Ukitaka kuingia chuo kikuu Agosti, maombi ni Oktoba na Novemba ya mwaka uliotangulia kwa California, wengine dedilaini ni Februari au Machi, vyuo vingine vya majimbo vinapokea hadi kiangazi ila skolashipu zinakuwa zimeshaisha. FAFSA kwa kawaida inafunguka Oktoba. Ina maana mwenye mpango wa miaka miwili anaomba akiwa mwanzoni mwa semista ya tatu, na maksi zitakazomhukumu ni za mwaka wa kwanza. Huo mwaka wa "nazoea zoea kwanza" haupo.

Insha niandike nini? Na barua za mapendekezo natoa wapi wakati nasoma usiku?

Insha ya kuhama inauliza kwanini unahama na kwanini meja hii. Watu wetu wanaandika hadithi ya kambi ya wakimbizi au ya umaskini ukurasa mzima na meja inapata sentensi moja mwishoni. Hadithi yako ni yako, ukitaka iweke, lakini msomaji anatafuta mtu anayejua anakuja kufanya nini, kwa hiyo taja kozi zilizokuvutia, kazi uliyofanya, kitu unachotaka kusoma pale na sio kwingine.

Barua, vyuo vingi vya umma hawaombi, vya binafsi ndio wanaomba. Chagua walimu wawili wa meja yako, nenda kwenye saa zao za ofisi, hata kwa Zoom, uliza swali la kweli. Tumekuzwa kumuogopa mwalimu, huku asiyemjua mwalimu anaandikiwa barua ya mistari minne.

Vyuo vikubwa vya binafsi vinapokea watu wa koleji?

Baadhi ndiyo, USC ya Los Angeles inajulikana kwa kuchukua wengi. Na usiogope bei iliyoandikwa, kwa mwenye kipato kidogo msaada wa chuo tajiri unaweza kufanya kiwe rahisi kuliko cha serikali, kila chuo kina kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake, kitumie. Kwa F-1 msaada kwa wanaohama ni mchache sana, omba ila usiweke mayai yako yote hapo.

Kuna wakala anasema atanifanyia transfa yote kwa dola mia kadhaa

Hapana. Adivaiza ni bure na kituo cha kuhamia kipo karibu kila koleji. Na kabla ya kulipa chuo chochote ambacho hujawahi kukisikia, angalia kama kina ithibati ya shirika linalotambulika, mfano Higher Learning Commission au SACSCOC. Corinthian Colleges ilifungwa 2015 na ITT Tech 2016, vyuo vya kibiashara vyenye matangazo mazuri kwenye TV, na wanafunzi wao wengi walibaki na madeni na krediti ambazo vyuo vingine havikuzitaka.

Nimeshahama na wamenikatalia kozi tatu. Nimekwisha?

Hujaisha, kata rufaa. Mara nyingi anayefanya tathmini ya kwanza ni karani anayelinganisha majina ya kozi, mwenye uamuzi wa kweli ni idara. Chukua silabasi kamili ya kozi (ile yenye mada za kila wiki na vitabu), andika barua fupi ya heshima kwa mkuu wa idara, eleza kozi hii inalingana na yao ipi, ambatanisha. Ndo maana silabasi zote zihifadhi kuanzia leo, kwenye Google Drive, sio kwenye simu itakayoibiwa. Kama hukuhifadhi, idara ya koleji yako ya zamani mara nyingi inazo, omba.

Semista ya kwanza chuo kikuu maksi zinaweza kushuka kidogo, darasa la watu 30 limekuwa la 300 na hakuna anayekukumbusha homuweki. Usichukue kozi tano ngumu kwa mpigo semista hiyo, na usiongeze zamu za usiku kazini kwa sababu ada imepanda.

Nilihama bila kumaliza associate. Naweza kuipata bado?

Majimbo mengi yana utaratibu wa kurudisha krediti nyuma, unachukua zile za chuo kikuu zinapelekwa koleji, zikitimia wanakupa associate yako huku ukiendelea na digrii. Texas na Minnesota wanafanya, na wengine pia. Mara nyingi ni fomu moja tu na ruhusa ya kutuma transkripti. Uliza ofisi ya msajili ya chuo kikuu ulipo sasa hivi, sio koleji, wao ndio wanaotuma.